Gitaa la solo lililolia peke yake: bugi za Arusha, Desemba za Moshi, na bendi ambazo hatukubaki nazo

MLETA UZI (Sakina, Arusha)

Wanajukwaa, natumaini mu wazima.

Jumapili iliyopita, majira ya saa kumi na mbili jioni, nilikuwa nimeketi katika baa moja hapa Sakina pamoja na wazee wenzangu wawili, tukimsikiliza kijana aliyekuwa akipiga kinanda na kuimba nyimbo za zamani za muziki wa dansi. Sauti yake ilikuwa nzuri na mashairi aliyajua barabara. Ilipofika sehemu ya chemko, pale waimbaji wanaposogea pembeni na kuyaachia magitaa uwanja, kijana aliinua mikono yake kutoka kwenye kinanda, akachukua chupa ya soda, akanywa taratibu huku akijifuta jasho, na gitaa la solo likaendelea kulia vilevile, safi, bila kukosea hata mara moja, ilhali hapakuwa na mtu aliyelishika. Sisi watatu tulipiga makofi. Nilipofika nyumbani ndipo nilipojiuliza ni nani tuliyekuwa tunampigia makofi yale.

Naomba nieleze nilikotoka ili swali langu lieleweke. Mwaka 1973 nilikuwa na umri wa miaka 15, nimeshuka kutoka Machame kuja kuishi kwa baba mdogo, Kaloleni, kwa ajili ya masomo. Wakati ule kulikuwa na kitu kilichoitwa bugi, yaani dansi la mchana la vijana, ambalo lilianza kama saa nane na kumalizika kabla ya magharibi, kiingilio chake kikiwa kidogo na kinywaji chake kikiwa soda. Bendi ileile ambayo usiku ingewapigia wakubwa rumba na chacha, mchana ilitupigia sisi roki na soul. Nyimbo zenyewe wanamuziki walizinasa kutoka kwenye redio, hasa redio ya Nairobi ambayo huku kwetu ilisikika vizuri, na mwimbaji alipokosa neno la Kiingereza alilijazia kwa sauti yoyote iliyofanana nalo. Hatukujali. Tulichotaka ni kumwona mtu akilikunja gitaa mbele ya macho yetu.

Waliotutia wazimu zaidi walikuwa Jimi Hendrix, Osibisa na Santana. Huyu Santana, kwa kweli, hakuwa mgeni kabisa kwetu, kwa kuwa zile tumba zake zilikuwa zimekwisha kuingia katika bendi zetu tangu zama za santuri za Cuba, na mpiga tumba wa bendi ya mtaani aliweza kuingia katika wimbo wake bila kufundishwa. Watanzania nao walikuwa na bendi yao ya mkondo huo: wanaoikumbuka Sunburst ya Dar es Salaam watakubaliana nami kwamba ilikuwa roki kamili yenye ngoma za kwetu ndani yake, ingawa santuri yao kubwa, Ave Africa, ilitolewa Zambia mwaka 1976 na wengi wetu tumeisikia uzeeni.

Mavazi nayo yalikuwa sehemu ya muziki. Nilikuwa na suruali moja ya bugaluu, ile pana miguuni, niliyoshonewa na fundi wa Ngarenaro, na viatu vya raizoni, vile vya soli nene, ambavyo tulimiliki watu watatu kwa zamu. Ikumbukwe kwamba miaka michache kabla yake, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, na Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Kwa hiyo kijana aliyekwenda kwenye bugi alikwenda akiwa amejiandaa kwa mambo mawili, kucheza na kukimbia, na raizoni si viatu vya kukimbilia.

Nilipokuwa mtu mzima niliitazama picha ya tamasha la Woodstock la Agosti 1969, pale New York, watu zaidi ya 400,000 shambani kwa mfugaji wa ng'ombe, mvua ikiwanyea na tope likiwafika vifundoni. Nilisoma pia kwamba tamasha la kwanza la Glastonbury kule Uingereza, mwaka 1970, kiingilio chake kilikuwa pauni moja na ndani yake mtu alipewa maziwa ya bure kutoka zizini. Wazungu wa rika langu wakikumbuka ujana wao, wanakumbuka kiangazi chao, Juni hadi Agosti, na matamasha ya uwanjani. Sisi wa Arusha katika miezi hiyo tunavaa masweta, ukungu umeufunika Meru, na mtu mwenye akili timamu halali uwanjani kwa ajili ya gitaa. Msimu wetu ulikuwa Desemba, na kitovu chake kilikuwa Moshi. Wachagga waliorudi nyumbani kwa Krismasi, "kuhesabiwa" kama utani unavyosema, walijaza mji, na bendi kutoka Dar es Salaam zilisafiri zaidi ya kilomita 500 kuwafuata. Kati ya Krismasi na mwaka mpya mtu aliweza kusikia bendi tatu kwa siku tatu. Nilikuwa nikipanda basi la Arusha kwenda Moshi nikiwa na nauli ya kwenda tu.

Sasa swali langu. Tukikaa kukumbuka, sisi wa kaskazini tunakumbuka wageni: tunawataja NUTA Jazz, ambao baadaye wakawa JUWATA, tunamtaja Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, tunawataja Sikinde, yaani Mlimani Park, walioanza mwaka 1978. Hao wote walikuja, wakapiga, wakaondoka. Bendi yetu wenyewe iko wapi? Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, katika Jamhuri Jazz, wakaja hapa Arusha mwaka 1970 na kupiga katika Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka kwenda Kenya, wakaunda Simba Wanyika, na humo baadaye wakachomoka Les Wanyika. Afrika Mashariki nzima inawajua. Walipita hapa kama mtu anayesubiri basi stendi. Kwa nini hatukuweza kuwashikilia, wao na wengine wengi waliowafuata? Naomba tujadili bila kejeli.

MCHANGIAJI WA KWANZA (Majengo, Moshi)

Kaka yangu mleta uzi, shukrani kwa kumbukumbu, lakini umesimulia ya wanaume. Mimi sasa ni bibi wa wajukuu saba, na wakati huo nilikuwa msichana ambaye baba yake asingemruhusu kukanyaga ukumbini hata kwa dakika moja. Nilikuwa nje ya ukuta pamoja na mama yangu, tukiuza mihogo ya kukaanga na karanga kwa taa ya kandili. Kwa hiyo bendi zote ulizozitaja mimi nimezisikia, na sikuziona. Hadi leo namjua mwimbaji kwa anavyovuta pumzi kabla ya ubeti, lakini ukinionyesha picha yake nitasema simjui.

Nitakueleza usiku mmoja wa tarehe 27 Desemba, mwaka ambao bei ya kahawa ilikuwa imepanda kwa sababu baridi kali ilikuwa imeunguza mikahawa ya Brazil, na watu wa huku juu walikuwa na fedha mkononi. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi watu wakakaa juu ya ukuta tuliouegemea. Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Magitaa yote matatu yakafa kwa pamoja, besi ikafa, vipaza sauti vikafa, lakini dramu na tumba havikujua kwamba umeme umekatika, vikaendelea. Mwenye saksafoni naye akaendelea. Kisha nikawasikia waimbaji bila spika kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sauti tatu tu, na ukumbi mzima ukashika kiitikio kwa niaba ya magitaa, wanaume wakiimba mlio wa besi kwa midomo. Mama yangu aliacha kuhesabu chenji. Umeme uliporudi, magitaa yaliingia palepale ambapo wimbo ulikuwa umefika, kana kwamba walikuwa wamepanga. Ninyi mliokuwa ndani mlikuwa mnacheza, na sidhani kama mlisikia vizuri. Sisi wa nje tulisikia.

Kuhusu swali lako, jibu langu ni la mfanyabiashara wa mihogo. Sisi tulijua idadi ya vikapu vya kuandaa kwa kila mwezi. Desemba vikapu sita havikutosha. Ilipofika tarehe 5 Januari, magari ya Dar es Salaam na Nairobi yakiwa yameondoka, kikapu kimoja kilirudi nusu. Bendi ina watu kumi na wawili au zaidi, nao wanakula miezi kumi na miwili. Mji wetu ulikuwa na mashabiki wa wiki mbili. Ungewashikilia kwa chakula gani?

MCHANGIAJI WA PILI (Njiro, Arusha)

Nimesoma maelezo ya dada yangu wa Majengo na nimetikisa kichwa peke yangu hapa, kwa kuwa amesema kwa vikapu jambo ambalo sisi tulilijua kwa njaa. Nilipiga gitaa la besi hapa Arusha kuanzia mwaka 1976 hadi nilipoacha muziki na kuwa dereva wa magari ya watalii. Sitataja bendi wala mwenye bendi, kwa kuwa ana watoto na wanaishi mji huu.

Wasiokuwa wanamuziki hudhani kwamba bendi ni wanamuziki. Bendi ni vyombo. Mwenye magitaa, amplifaya, spika na dramu ndiye mwenye bendi, na mpigaji huingia na kutoka mikono mitupu. Kule Dar es Salaam vyombo vingi vilikuwa vya umma: NUTA ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na jeshi, polisi, magereza na Umoja wa Vijana nao walikuwa na bendi zao, kwa hiyo mpigaji alikuwa na mshahara, na wengine walikuwa na cheo kabisa. Hata hivyo nao waliibiana watu. Mwaka 1985 mwimbaji Muhiddin Gurumo mwenyewe, pamoja na wenzake kadhaa, waliihama Sikinde kwenda bendi ya Safari Sound kwa sababu mtu binafsi aliweka fedha mezani. Kama Sikinde ilivuliwa watu namna hiyo, sisi wa Arusha tulikuwa nani? Mwenye bendi yetu alikuwa na duka na lori moja. Biashara ya lori ilipokwenda vibaya, aliviuza vyombo kwa mtu wa mkoa mwingine, akatuarifu Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumejaza ukumbi.

Jambo la pili ni mpaka. Kutoka hapa hadi Namanga ni mwendo wa kama saa mbili, na kwetu Nairobi ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam kwa kila hali. Nyuzi za gitaa zilitoka Nairobi. Taa za amplifaya zilitoka Nairobi. Santuri za bendi za Tanzania zilichapwa Nairobi, kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa. Kwa hiyo akina Kinyonga walipovuka mwaka 1971 hawakufanya usaliti wowote. Walifuata mahali ambapo wimbo hugeuka kuwa kitu cha kuuzwa dukani. Kisha Februari 1977 mpaka ukafungwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Miaka sita! Bendi za Dar es Salaam zilikuwa na studio ya Radio Tanzania, zikarekodi hapo na nchi nzima ikazisikia. Sisi tulikuwa mbali na studio ile, na mlango wetu wa nyuma ukawa umepigwa kufuli. Uzi wa besi ukikatika ulichemshwa kwenye maji ili utoe uchafu na mafuta, ukafungwa fundo, ukarudishwa. Wa juu ukikatika tulijaribu waya wa breki ya baiskeli, ambao unalia, sikatai, lakini unakula vidole.

Mtu asiniambie kwamba watu wa kaskazini hawakupenda muziki. Walipenda. Nyuzi hazikuwepo.

MCHANGIAJI WA TATU (Unga Limited, Arusha)

Shikamooni wazee wangu. Mimi nimezaliwa mwaka 1995, kwa hiyo nachangia kama mtoto aliyekuta sherehe imekwisha na viti vimepangwa juu ya meza.

Kwa heshima zote, naomba nipingane na mleta uzi katika jambo moja. Arusha haikukosa muziki wake. Mwaka mmoja baada ya mimi kuzaliwa walianza X Plastaz hapahapa mjini, wakachanganya hip hop na uimbaji wa Kimasai, wakaupeleka Ulaya. Hawakuhitaji lori la vyombo wala mwenye duka. Walihitaji mdundo, kipaza sauti na lugha. Baada ya redio binafsi kuruhusiwa miaka ya 1990, muziki huo ukapata pa kusikika, na kijana wa Unga Limited asiyekuwa na gitaa akaweza kuwa mwanamuziki. Kwetu ilikuwa ukombozi. Yule kijana wa kinanda aliyekunywa soda, mzee wangu, analipwa fedha kidogo sana kwa usiku mmoja, na akigawana na watu kumi na wawili hawatafika hata nauli ya bodaboda.

Hata hivyo nakubali kwamba kuna kitu tumekikosa, nami nilikigundua mbali na hapa. Niliwahi kwenda Unguja mwezi Februari kwenye tamasha la Sauti za Busara, ambalo limekuwepo tangu mwaka 2004, na ndani ya Ngome Kongwe nikaona bendi moja baada ya nyingine zikipiga moja kwa moja jukwaani, kwa kuwa waandaaji hawaruhusu mtu kuimbia juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Nilisimama mbele ya mpiga besi mmoja nikahisi kifua kinatetemeka. Nilikuwa na miaka 24 na sikuwahi kusimama mbele ya besi inayopigwa na mtu. Nilirudi Arusha nikiwa na hasira ambayo sikujua pa kuipeleka.

MLETA UZI

Nimesoma yote, na nimeyasoma mara mbili.

Dada wa Majengo, umeniaibisha kwa haki. Mihogo ile nimeinunua, na sikuwahi kujiuliza muuzaji anasikia nini. Usiku huo wa umeme kukatika umenikumbusha jambo ambalo nilikuwa nalizunguka bila kulitaja: nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania ni za dakika chache, na ndizo tulizonazo kwenye simu leo, lakini ukumbini wimbo uleule ulikwenda dakika ishirini, ukageuka kulingana na watu waliokuwepo, na mpiga solo akiona mtu fulani anacheza vizuri alikuwa akimfuata kwa gitaa hadi achoke. Kijana wa kinanda anapiga kile kilichorekodiwa. Hawezi kumfuata mtu, kwa sababu gitaa lake halioni.

Mwanangu wa Unga Limited, marahaba. Nakubali hoja ya ukombozi, na kuhusu kijana wa Sakina nimetafakari upya; Jumapili ijayo nitamtuza, kwa kuwa mkono wa kutuza nao ulikuwa sehemu ya dansi na sisi wazee tumeufunga. Ila hasira yako uipeleke mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanamuziki Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila waliokuwa wakipiga Dar es Salaam walialikwa WOMAD, tamasha aliloliasisi mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza mwaka 1982, na mwaka 1989 wakatoa albamu kupitia studio yake. Yaani kijana wa Kiingereza wa miaka ile alisimama kwenye majani ya kiangazi chake akatikiswa kifua na besi ya kutoka Dar es Salaam, na wewe ukangoja hadi miaka 24. Katika miaka hiyohiyo hapa kwetu wenye baa walikuwa wakipiga hesabu kwamba diski joki mmoja hula sahani moja ya wali.

Mzee mwenzangu wa Njiro, maelezo yako ya vyombo ndiyo yaliyonijibu. Nilikuwa nimelaumu mapenzi ya watu, kumbe palihitajika mtu wa kumiliki spika mwezi Machi, wakati wa mvua, ukumbi ukiwa na watu kumi na wanne. Nina ombi moja, nawe unaweza kulikataa. Je, gitaa lako la besi bado unalo?

MCHANGIAJI WA PILI

Ninalo. Liko juu ya kabati, ndani ya gunia, na halikuwa la mwenye bendi. Nilinunua mwenyewe kwa fedha za safari moja ya Desemba Moshi, yawezekana ni fedha za watu hao waliokula mihogo ya dada yetu. Shingo imepinda kidogo lakini si ya kutupa. Lina nyuzi mbili kati ya nne, ile nene kabisa na inayoifuata. Mjukuu wangu huzivuta akidhani ni mchezo.

MLETA UZI

Basi usilishushe mwenyewe, kabati ni refu na mgongo wako unaujua. Kuna duka la vyombo vya muziki karibu na Mnara wa Saa ambalo huwa linauza zaidi vyombo vya kwaya, na leo asubuhi nimepiga simu kuuliza: nyuzi za besi wanazo, seti nzima ya nne, na hazitoki kwa magendo. Nitazileta Jumapili baada ya ibada. Mwanangu wa Unga Limited, kama una nafasi siku hiyo, njoo utushikie ngazi.